Pumzi isiyorudi: uanze na eko, kipimo cha kupuliza au CT?

Mama mmoja wa miaka 33 alikuja kliniki na mfuko wa nailoni wenye pampu nne za pumu, zote za bluu, zote tupu. Alikuwa ametibiwa pumu kwa miezi 14 katika vituo vitatu tofauti. Nilimwuliza analalaje. Aliyejibu ni mumewe, aliyekuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi: "Halali, daktari. Anakaa." Kila usiku anaegemea ukuta na mito mitatu mgongoni, na ikifika saa nane anashtuka akihema, anakwenda kusimama dirishani mpaka pumzi itulie.

Nilimlaza ubavu wa kushoto, nikaweka upande mdogo wa stetoskopu chini ya titi, nikamwomba atoe pumzi yote na aizuie kidogo. Ukasikika mngurumo mfupi wa chini, kama lori linalopita barabara ya mbali. Ukimsikiliza akiwa amekaa, huku foleni nje ina watu 60, mngurumo huo unakupita. Siku mbili baadaye eko, yaani ultrasaundi ya moyo, ilionyesha vali ya mitrali, ile iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, imebaki na tundu la sentimita mraba 0.9. Kwa mtu mzima mwenye afya tundu hilo huwa 4 hadi 6. Mama huyu hakuwa na pumu hata siku moja.

Namkumbuka kila ninapoulizwa swali ambalo wagonjwa na ndugu zao huniuliza karibu kila wiki: "Daktari, tuna hela ya kipimo kimoja tu. Tupige eko, apulize kile kidude, au twende CT moja kwa moja?" Ni swali la haki. Kidude ni kipimo cha kupuliza kinachopima hewa ya mapafu, na CT ni eksirei inayopiga kifua picha za vipande vipande. Nalijibu hapa kwa ajili ya mtu mzima aliyekwisha kupita hatua ya kwanza: ametibiwa kichomi, au pumu, au TB, au ameambiwa ni damu kupungua, amemaliza dawa zote, na pumzi bado hairudi. Hapo ndipo yalipo magonjwa ambayo hayafikiriwi mapema: vali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi ya utotoni, moyo uliotanuka baada ya kujifungua, mfuko wa moyo uliokakamaa, presha ya mishipa ya mapafu, mapafu yaliyoachwa na makovu ya TB, vumbi la mgodini, kuvu iliyoota kwenye tundu la zamani. Mengine ni adimu kweli. Mengine si adimu hata kidogo, ila hayatafutwi.

Kabla ya kufungua pochi

Kuna mambo yanayopaswa kuwa yamefanyika tayari, na mengi hupatikana hospitali ya wilaya: makohozi kupimwa TB kwa mashine ya GeneXpert, kipimo cha VVU, wingi wa damu, presha, eksirei ya kifua, ECG (mchoro wa umeme wa moyo), na oksijeni kwa kile kibanio cha kidoleni. Hayo sitayalinganisha, maana si ya kuchagua, yote hufanyika. Nasema tu kwamba eksirei safi haimaanishi mapafu ni mazima, na ECG safi haimaanishi moyo ni mzima. Oksijeni nayo ipimwe mara mbili: mgonjwa akiwa amekaa, kisha baada ya kutembea kwenye korido dakika sita. Nimeona watu wenye asilimia 97 wakiwa kwenye kiti, ambao hurudi kutoka mwisho wa korido na 84. Aliyepimwa amekaa tu huambiwa yuko sawa na kurudishwa nyumbani.

Kisha kuna maswali manne yasiyo na bei, na majibu yake ndiyo yanayoamua kipimo. Unalala chali, au lazima ukae? Umewahi kutibiwa TB, hata kama ni miaka 15 iliyopita? Umewahi kufanya kazi ya vumbi: mgodi, kusaga mawe, kuchonga, kupasua kokoto? Na kwa mwanamke: pumzi ilianza kukata lini ukihesabu kutoka ujauzito wako wa mwisho? Mgonjwa asiyeulizwa haya anaweza kuyasema mwenyewe. Hakuna daktari mwenye nia njema atakayeona ni utovu wa adabu ukimwambia, "Samahani daktari, kuna jambo hukuniuliza."

Eko: kwa wengi ndiyo ya kwanza

Eko ni ultrasaundi ya moyo. Haina mionzi, haina sindano, na ikifanywa kikamilifu huchukua nusu saa hadi dakika 45. Unauona moyo ukicheza: unene wa kuta, vali zikifunguka na kufunga, maji kwenye mfuko wa moyo, na mzigo uliobebwa na upande wa kulia, ule unaosukuma damu kwenda mapafuni. Kwa kawaida bei yake iko chini ya CT na juu ya kipimo cha kupuliza.

Naiweka mbele kwa sababu ya umri wa wagonjwa wetu. Watu wengi bado wanaamini ugonjwa wa moyo ni wa wazee na wa matajiri. Utafiti mkubwa wa kushindwa kwa moyo barani Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9, na wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Mishipa ya moyo kuziba, ambayo Ulaya na Marekani ndiyo sababu inayoongoza, huku ilihusika kwa chini ya mgonjwa mmoja kati ya kumi. Wengi wa waliobaki walikuwa na presha ya muda mrefu, misuli ya moyo iliyoharibika, na vali zilizoliwa na homa ya baridi yabisi. Kwa hiyo mtu akikwambia "wewe kijana, huwezi kuwa na moyo, tena hata kifua hakikuumi", amechukua picha ya kwingine akaileta kwetu.

Turudi kwa yule mama, kwa sababu kisa chake kinafundisha kuliko kinavyoonekana. Dawa iliyomo kwenye pampu ya bluu huharakisha mapigo ya moyo. Mwenye vali iliyobana anahitaji muda ili damu ipite kwenye lile tundu dogo. Moyo ukienda mbio, muda unafupishwa, damu inarudi nyuma mapafuni, anahema zaidi, anavuta pampu tena. Alichodhani kinamwokoa kilikuwa kinamsukuma. Wenye vali kama yake pia hukohoa damu, na akikohoa damu wote tunawaza TB. Anaweza kumaliza miezi sita ya dawa akiwa hana hata mdudu mmoja wa TB. Na mara nyingi ugonjwa hujitokeza kwa mara ya kwanza ujauzitoni, pale damu inapoongezeka mwilini na vali haina pa kuipitishia.

Sasa mtego. Ripoti ya eko ina namba moja ambayo kila mtu huikimbilia: EF, yaani asilimia ya damu inayosukumwa nje ya chumba cha kushoto kwa kila pigo. Ikiwa 55 kwenda juu, nyumba nzima inashangilia. Yule mama alikuwa na EF ya 61. Vali ya mitrali iliyobana huacha EF nzuri. Mfuko wa moyo uliokakamaa, vivyo hivyo. Presha ya mishipa ya mapafu, vivyo hivyo, kwa sababu anayechoka ni upande wa kulia na EF inapima wa kushoto. Usiridhike na EF peke yake. Uliza mambo mengine matatu: vali zinafungukaje, upande wa kulia ukoje, na presha ya mshipa wa mapafu imekadiriwa kuwa ngapi. Kama ripoti haina neno lolote juu ya upande wa kulia, eko hiyo haijaisha.

Tofautisha pia eko kamili na ile ya dakika tano inayopigwa kwa kifaa cha mkononi kwenye chumba cha dharura. Ile ya haraka inaokoa maisha: inaona maji mengi kuzunguka moyo, inaona moyo uliolegea kabisa. Lakini haijafanywa kuthibitisha kwamba huna ugonjwa. Nimeona karatasi ya mstari mmoja, "moyo kawaida", ikifunga mlango wa eko kamili kwa mwaka mzima.

Kama mwanamke alianza kuhema mwezi wa mwisho wa ujauzito au katika miezi mitano baada ya kujifungua, hapana mjadala: eko kwanza, tena wiki hii, si mwezi ujao. Ugonjwa unaotafutwa ni misuli ya moyo kulegea kwa sababu ya uzazi, na hapo EF huwa chini ya 45. Wifi na mama mkwe husema ni uchovu wa mtoto, ni kukosa uji, ni baridi imeingia kifuani. Mama mwenyewe anaona aibu kulalamika wakati kila mzazi anachoka. Uchovu wa kunyonyesha haumnyimi mtu kulala chali, wala haumvimbishi miguu wiki ya sita baada ya kujifungua. Wengi wakianza dawa mapema moyo hurudi. Na kwa aliyepona pia, mimba inayofuata huamuliwa pamoja na daktari wa moyo, maana ugonjwa unaweza kurudi nayo.

Tumbo limejaa maji: tazama shingo

Hili nalisema kwa kirefu kwa sababu watu hupotelea hapa. Mtu anakuja na tumbo kubwa lililojaa maji, miguu pengine imevimba kidogo tu, mikono imekonda. Mawazo ya kwanza ni ini. Anapigwa ultrasaundi ya tumbo, anatolewa maji, yanarudi, anatolewa tena. Ndugu wanaanza kusema ametupiwa kitu.

Mketishe mgonjwa huyo ameegemea, kichwa na kifua vimeinuka nusu, na mwanga upite ubavuni mwa shingo. Kama mishipa ya shingo imejaa hadi karibu na sikio, maji ya tumbo yana uwezekano mkubwa wa kutoka moyoni. Kwa ugonjwa wa ini peke yake, shingo kwa kawaida haijai hivyo. Ni uchunguzi wa nusu dakika, na ndugu yeyote anaweza kuuona na kuusema.

Eko hapo hutenganisha mambo mawili yanayofanana kwa nje. La kwanza ni mfuko wa moyo uliokakamaa, ambao kwa upande wetu wa dunia mara nyingi huachwa na TB. Mfuko unakuwa gamba, moyo hauwezi kujaa. La pili ni kovu la ndani ya chumba cha moyo, ambalo daktari J. N. P. Davies alilieleza Kampala mwaka 1948 na ambalo hadi leo linaonekana zaidi kwenye ukanda wa joto: Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kerala kule India. Kwenye eko, ncha ya chini ya chumba cha moyo huonekana imezibwa, kama mfuko ulioshonwa kona. Wilaya ya Inharrime, Msumbiji, wananchi walipimwa kwa eko vijijini kwao na matokeo yakachapishwa mwaka 2008: karibu mmoja kati ya watano alikuwa na dalili za kovu hilo, na wengi wao hawakuwa na malalamiko yoyote. Ugonjwa unaoitwa adimu, kijiji kimoja unaweza kuwa jirani yako.

Kuyatenganisha hayo mawili kuna maana kubwa. Gamba la nje linaweza kumenywa na daktari wa upasuaji, na mtu akarudi shambani. Kovu la ndani ni gumu zaidi, upasuaji wake ni wa watu wachache na si mwepesi. Eko ikishindwa kuamua, CT ya kifua huonyesha unene wa mfuko wa moyo na chokaa iliyojengeka juu yake. Hapa CT inasaidia kweli, lakini inakuja ya pili.

Kipimo cha kupuliza: rahisi, na kinachodharauliwa

Spirometri ni kupuliza kwa nguvu kwenye mrija mpaka mapafu yaishe, pua ikiwa imebanwa. Fundi atakupigia kelele, "Endelea, endelea, endelea!", na ana haki, maana ukikata mapema namba haifai. Unapuliza angalau mara tatu zilizo safi, unavuta dawa ya kufungua kifua, unasubiri dakika 15, unapuliza tena. Kinachotazamwa kwanza ni hewa iliyotoka sekunde ya kwanza ukilinganisha na hewa yote. Ikiwa chini ya 0.70 baada ya dawa, njia za hewa zimebana. Kama uwiano ni mzuri lakini hewa yote ni kidogo, mapafu yamesinyaa au yamekakamaa, ingawa kwa hilo kipimo kikubwa zaidi cha ujazo wa mapafu ndicho huthibitisha.

Hiki nakiweka mbele ya eko kwa mtu anayelala chali bila shida na aliyewahi kutibiwa TB. Kuna jambo ambalo kliniki nyingi bado hazimwambii mgonjwa siku anapomaliza dawa: TB imepona, mapafu huenda hayajapona. Mabaki hayo sasa yana jina lake, ugonjwa wa mapafu baada ya TB, na mwaka 2019 wataalamu walikutana Stellenbosch, Afrika Kusini, kwa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa ugonjwa huo peke yake. Wapo waliobanwa njia za hewa kama mvutaji sigara wa miaka 40, na hawajawahi kugusa sigara. Wakihema, wanaanzishiwa dawa za TB mara ya pili.

Na hapa kuna jambo la maabara linalohitaji kujulikana. Mashine ya GeneXpert inasoma vinasaba vya mdudu wa TB, hai au mfu. Kwa mtu aliyemaliza matibabu karibuni, inaweza kusoma mabaki ya wadudu waliokwisha kufa na kusema "TB ipo". Kwa mtu wa namna hiyo kuotesha makohozi ndiko kunakoamua, na majibu yanaweza kuchukua hadi wiki sita. Kusubiri kunaudhi, najua. Lakini miezi sita ya dawa usiyoihitaji inaudhi zaidi, na inachelewesha ugonjwa wenyewe kujulikana.

Udhaifu wa kupuliza ni kwamba hauoni. Hauoni tundu, hauoni uvimbe, hauoni mishipa ya damu. Usipulize kama unakohoa damu, kama pafu lilitoboka karibuni, kama una mshtuko wa moyo wa hivi karibuni, wala kabla TB ya kuambukiza haijaondolewa shaka, kwa ajili yako na kwa ajili ya anayekuja kupuliza baada yako.

Nimewahi kupokea mtu aliyepuliza vizuri kabisa, eksirei safi, na bado hawezi kupanda ngazi moja. Aliambiwa ni wasiwasi. Kupuliza kukiwa safi na pumzi haipo, mwelekeo ni mishipa ya mapafu, na tunarudi kwenye eko kuutazama upande wa kulia.

CT: uliza "ya nini?" kabla ya kuuliza "bei gani?"

Watu huiona CT kama hakimu wa mwisho. Ni kipimo kizuri mno kikipewa swali. Bila swali kinaleta ripoti ya kurasa mbili yenye maneno "yalinganishwe na dalili za mgonjwa", na mgonjwa anarudi alipokuwa, hela hana. Mionzi yake pia ni makumi ya eksirei za kawaida. Haimtishi anayeihitaji, ila haistahili kurudiwa kila mwezi kwa kutuliza moyo.

CT za kifua zinazotuhusu ni za aina mbili, na zikichanganywa unalipa mara mbili. Ya vipande vyembamba bila dawa ya mshipani ni ya kutazama nyama ya mapafu. Yenye dawa inayoingizwa kwa kasi na kupigwa kwa wakati maalumu ni ya kutafuta mabonge ya damu kwenye mishipa, na kabla yake figo hupimwa. Fomu ya rufaa lazima iseme ipi.

Ya kwanza inafaa pale makohozi yanaposema hakuna TB na eksirei inasema kuna kitu. Chukua kijana aliyechimba tanzanaiti Mererani miaka minane, anakohoa, eksirei ina vitone vingi sehemu za juu za mapafu. Ametibiwa TB mara mbili bila mdudu kuonekana. Vitone hivyo vinaweza kuwa silikosisi, vumbi la mawe lililokwama na kuunda makovu, na CT inaweza kuonyesha hata matezi yaliyozungukwa na chokaa kama ganda la yai. Anayemwambia "acha mgodi" anampa tiba halisi, maana hakuna dawa inayoondoa vumbi lile. Ila angalizo: vumbi hilo la silika humwongezea mtu hatari ya kupata TB ya kweli, kwa hiyo huyu haachwi kupimwa makohozi maishani. Ukanda ule una hospitali ya Kibong'oto, Siha, iliyoshughulikia TB tangu 1926; mchimbaji wa huko asiogope kuomba rufaa.

Mwingine alipona TB, miaka imepita, sasa anakonda na kukohoa damu, na tundu la zamani lina kitu ndani kama yai kwenye kiota. Ni bonge la kuvu. CT inaliona, kipimo cha damu cha kingamwili za Aspergillus kinathibitisha, na dawa yake ni ya kuvu, ya miezi mingi. Dawa za TB hazitaligusa. Mwingine ana matezi makubwa pande zote mbili za kifua, macho mekundu, vipele vigumu usoni: fikiria sakoidosi, ugonjwa wa vinundu usioambukiza, unaothibitishwa kwa kukata kinyama. Mzee mwenye kikohozi kikavu, ncha za vidole zilizovimba kama vijiti vya ngoma, na sauti chini ya mapafu kama ya kubandua kamba ya viatu ya kunata: makovu ya mapafu yenyewe, na CT ya vipande vyembamba inaweza kutosha kuyatambua. Na mwanamke kijana ambaye pafu limetoboka mara mbili bila ajali, huku akitibiwa pumu: CT itafute vifuko vingi vya hewa vya ugonjwa uitwao LAM. Ni adimu kweli, lakini una dawa ya kuupunguza kasi, sirolimasi, na bila CT hautajulikana.

Presha ya mapafu na mrija wa moyoni

Tuseme eko imesema presha ya mshipa wa mapafu iko juu. Wengi huishia hapo na kuandikiwa sildenafili, dawa ya kufungua mishipa ya mapafu. Nawasihi msiishie hapo. Eko inakadiria, anayethibitisha ni mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa wa paja, wa shingo au wa mkono mpaka upande wa kulia wa moyo, na kupima moja kwa moja. Tangu miongozo ya Ulaya ya mwaka 2022, wastani unaozidi milimita 20 za zebaki ndio huitwa presha ya mapafu. Zamani ilikuwa 25. Mrija unapima pia kama tatizo linatoka upande wa kushoto, mathalani vali kama ya yule mama. Ukifungua mishipa ya mapafu kwa dawa wakati vali ya kushoto iliyo mbele yake bado imebana, mapafu yanaweza kujaa maji.

Si kila mtu anahitaji mrija. Eko ikionyesha wazi kwamba kushoto ndiko kwenye ugonjwa, tunatibu kushoto. Ila kama kushoto hakuna ugonjwa, sababu itafutwe: VVU, selimundu, kichocho cha tumbo kwa watu wa kando ya Ziwa Victoria, na mabonge ya damu ya zamani ambayo hayakuyeyuka. Hayo ya mwisho hutafutwa vizuri zaidi kwa picha ya nyuklia ya hewa na damu mapafuni kuliko CT. Mashine zake ni chache na safari ni ndefu, lakini ndiyo aina ya presha ya mapafu ambayo upasuaji unaweza kuiondoa kabisa kwa waliochaguliwa vizuri. Kwa hilo mimi ningeuza mbuzi nisafiri. Kwa vipimo vya mrija, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili na Uganda Heart Institute pale Mulago ndiko rufaa nyingi za ukanda huu huelekea.

Hela ni ya kimoja tu

Basi jibu langu la kliniki, bila kuzungusha. Hulali chali, miguu inavimba, mapigo yanakimbia, umejifungua karibuni, tumbo limejaa na shingo imejaa: eko. Unalala vizuri, kifua kinapiga filimbi au uliwahi kuugua TB, makohozi sasa ni safi: kupuliza. Makohozi safi, eksirei chafu, unakonda, umefanya kazi ya vumbi: CT ya vipande vyembamba. Ukiwa huelewi uko wapi kati ya hizo, chagua eko, kwa sababu ugonjwa wa moyo uliokosewa huua haraka kuliko mengi ya yale mengine, na kwa sababu eko ya kweli yenye taarifa ya upande wa kulia inakwambia pia jambo fulani juu ya mapafu.

Kuna wasiopaswa kuchagua chochote bali kupelekwa dharura sasa hivi: anayehema akiwa amekaa kimya, midomo imebadilika rangi, amezimia akitembea, anakohoa damu ya kujaza kikombe, au mguu mmoja umevimba na ghafla kifua kimechoma.

Yule mama vali yake ilipanuliwa kwa puto, mrija ukipitia mshipa wa paja, bila kifua kupasuliwa. Anachomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, kuizuia homa ya baridi yabisi isirudi, na hajaruka hata moja. Alipokuja mara ya mwisho alikuwa na mfuko uleule wa nailoni. Safari hii ndani yake kulikuwa na CD ya picha za eko yenyewe, si karatasi ya majibu peke yake, eksirei mbili za zamani zikiwa na tarehe, orodha ya dawa zote alizowahi kumeza, na daftari la shule ambamo mumewe aliandika kila mwezi idadi ya mito aliyolalia. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba 1.

Daktari yeyote mpya, hospitali yoyote, angeanzia hapo.